Mjomba, bosi wangu Mjapani ananisonya

Shikamoo Mjomba,

Niko Yokohama, kwenye kampuni ya kuuza magari yaliyotumika. Nahudumia wateja wanaozungumza Kiswahili: Dar, Zanzibar, Tanga, Mombasa, Bujumbura, Lubumbashi. Ofisi nzima Mswahili ni mimi peke yangu. Kijapani changu ni cha salamu na bei, na wenzangu tunaelewana kwa Kiingereza cha kuungaunga, chao na changu.

Sina ugomvi na mtu, ila kila wiki lazima lizuke jambo. Linaloniuma zaidi ni bosi. Nikimpelekea ombi la mteja apunguziwe bei, analaza kichwa upande, anavuta hewa kwenye meno, "ssss", kisha kimya. Kwetu mtu akikusonya hivyo mbele za watu, hapo mmeshamalizana.

Tena juzi mteja wa Dar aliomba apunguziwe dola 300 kwenye Noah. Nilipomweleza bosi alisema "hai, hai, hai", watalifikiria. Nikamwambia mteja mambo yameiva. Mteja kalipa, bosi anauliza hizo 300 zimeenda wapi. Sasa naitwa tapeli.

Meli nayo ikachelewa. Nikamwandikia bosi "sori", yaani pole kwa usumbufu. Akaniagiza niandike maelezo ya kosa langu na namna litakavyozuiwa lisirudie. Kosa lipi? Meli naiendesha mimi?

Kubwa kuliko yote: dada mmoja wa ofisini, mpole sana, alijifunza Kiswahili kidogo ili awasalimie wateja kwenye simu ya video. Hajjat mmoja wa Tanga akamuuliza gari limetoka wapi. Dada akajibu kwa tabasamu, sauti juu: "Limetoka Kumamoto!" Simu ikakatwa. Mpaka leo hajjat hapokei, na dada ananiuliza kila siku kama mtandao wa Tanga umeshatengemaa. Sijui nimwambie nini.

Na hili la saa: nikisema mteja atapiga saa mbili, wananikalia saa ambayo siyo.

Nisaidie, Mjomba, kabla sijarudishwa nyumbani.

Mpwa wako, Yokohama

*

Marahaba, mpwa wangu.

Bosi hakukusonya. Msonyo wetu unautambua: midomo imebanwa, sauti inavutwa ndefu, na jicho linampandisha na kumshusha anayesonywa. Unachokieleza wewe ni hewa fupi inayoingia kati ya meno, kichwa kimelala upande, macho yametazama mezani au kwenye karatasi. Wajapani wengi, hasa wanaume wa makamo maofisini, hufanya hivyo wanapoletewa jambo wasiloweza kulikubali na wasilotaka kulikataa usoni pako. Mara nyingi hufuatiwa na "chotto...", yaani "kidogo...", sentensi isiyomaliziwa kwa makusudi, au na "muzukashii desu", ni vigumu. Sisi tukiambiwa ni vigumu ndipo tunapoanza kubembeleza. Kwao hiyo ndiyo hapana yenyewe, imevishwa nguo. Ukirudia ombi lilelile kwa sauti ya unyenyekevu zaidi, unamlazimisha akukatalie mara ya pili, na hapo ndipo utakapomchosha kweli.

Ukisikia hiyo "ssss", shukuru, uondoke, kisha urudi na ombi lenye sura nyingine. Bei ya gari imegoma? Uliza kama nauli ya meli ina nafasi, au kama mteja akilipa yote kwa mkupuo badala ya nusu kwa nusu kuna chochote kitakachobadilika. Ombi la punguzo tupu, lisilo na kitu upande wa pili, ni gumu kwake kulipeleka juu. Kumbuka na yeye ana mkubwa wake. Katika kampuni nyingi za Kijapani uamuzi wa fedha hupita kwa watu kadhaa kimyakimya kabla haujaandikwa, kisha karatasi yake huzunguka meza kwa meza ikipigwa mihuri. Kwa hiyo bosi wako kukuambia "ndiyo" palepale, umesimama mbele yake na simu mkononi, ni jambo ambalo huenda hata yeye hana mamlaka nalo.

Sasa hizo "hai" tatu. Kamusi inasema hai ni ndiyo, na kamusi haijakosea, lakini "hai" nyingi zinazotolewa wewe ukiwa bado unazungumza ni sawa na "ehee" yetu ya kumsikiliza mtu. Anayekuitikia "ehee, ehee" unapomsimulia shida zako hajakubali kukukopesha. Kadiri zinavyofuatana kwa haraka, hai-hai-hai, ndivyo zinavyopungua thamani. Na "watalifikiria" uliyoambiwa bila shaka ilikuwa "kento shimasu". Kutoka kwa mtu wa chini yake inaweza kuwa kweli wanaenda kulipima. Kutoka kwa bosi, bila tarehe ya jibu, mara nyingi ni hapana iliyoahirishwa.

Kosa lako halikuwa kutokujua hayo. Uliuliza swali linaloweza kujibiwa kwa "hai". Usiulize tena "Je, 300 inawezekana?" Andika ujumbe mfupi wenye mambo matano: namba ya gari kwenye stoo yenu, bei ya sasa, bei anayoomba mteja, siku atakayolipa, na saa unayohitaji jibu. Malizia kwa kuuliza: "Niandike bei gani kwenye profoma?" (ile ankara ya awali ya mteja). Hapo lazima irudi tarakimu. Ikirudi tarakimu, umepata ruhusa. Ikirudi "hai", bado hujapata kitu, na mteja unamwambia tu kwamba ombi limepelekwa. "Mambo yameiva" ifute kabisa kwenye simu yako.

Kwa huyu aliyeshalipa, mwambie ukweli leo: bei ilitajwa kabla haijaidhinishwa. Wakati huohuo mpelekee bosi njia mbili zilizohesabiwa, ya kumrudishia mteja fedha zake zote au ya kugawana hasara hiyo, ikiandikwa ni kiasi gani kwa kila upande. Achague yeye.

Tukiwa hapohapo kwenye ndiyo na hapana, kuna mtego mdogo unaowaumiza wauza magari kuliko wote. Mteja anauliza, "Injini haina shida?" Wewe unamgeuzia fundi kwa Kiingereza, kwa kukanusha vilevile: haina shida? Fundi anajibu kwa Kiingereza "ndiyo". Kwa Kijapani, anayeulizwa hivyo akisema "hai" anathibitisha maneno yako: naam, haina. Kiswahili nacho kiko hivyohivyo, ukiulizwa "Hujala?" unajibu "Eeh, sijala". Lugha zenu mbili zinakubaliana kabisa, ila mmekutana kwenye Kiingereza, ambako jibu la swali la kukanusha hugeuzwa. Fundi anajibu kwa mantiki ya Kijapani akitumia neno la Kiingereza, na asiyejua upande upi umetumika anaandika kinyume. Dawa ni kuacha kukanusha: "Injini ina hali gani? Umeikagua lini?"

Na "daijobu" iogope kidogo. Unamuuliza mtu, "Chai?" anajibu "daijobu desu". Mara nyingi amekataa.

Sasa "sori" yako. Wewe ulimpa pole, yeye alisikia umekiri. Kiingereza hutumia "sori" hiyohiyo kwa kumwonea mtu huruma na kwa kuomba radhi, kwa hiyo pole yetu ikivushwa kwa "sori" inaweza kufika ng'ambo ikiwa imebeba hatia. Katika ofisi ya Kijapani aliyekiri hufuatiwa na karatasi. Uliza kwa adabu ni karatasi ipi anayoitaka, maana ziko mbili. "Hokokusho" ni taarifa ya tukio, haina aibu yoyote. "Shimatsusho" ni barua ya kukiri na kujieleza, na hukaa kwenye faili. Ukiandika ya pili kwa kuchelewa kwa meli, utakuwa umejifunga kwa kamba uliyoileta mwenyewe.

Andika taarifa. Aya ya kwanza: meli gani, ilitarajiwa lini, sasa inatarajiwa lini. Ya pili: sababu kama ilivyotolewa na wakala wa meli, si kama unavyoihisi. Ya tatu: mteja aliarifiwa saa ngapi na alisema nini. Ya nne: kuanzia sasa utakagua ratiba ya meli siku gani za wiki. Hiyo ya nne ndiyo anayoisoma kwa makini. Wala hakutafuti ubaya. Wengi wao huona kosa lisiloandikiwa kinga ni kosa linalosubiri zamu yake. Usiweke utetezi wa "meli siiendeshi mimi", hata kama ni kweli, na ni kweli.

Na ulipompa pole, pole yenyewe ilikuwa na mlango wake sahihi. Wana "otsukaresama desu", wanayoambiana jioni wakiachana, wakikutana kwenye korido, hata mwanzo wa barua pepe. Hiyo ni "pole na kazi" kabisa, wala haikiri kosa la mtu. Itumie kwa wingi. Upande mwingine, usishangae ukimpelekea mtu chai akajibu "sumimasen" na wewe ukasikia anaomba radhi. Anakushukuru, huku akisikitika kwamba umeinuka kwenye kiti kwa ajili yake.

Bosi wako akilalamika siku moja kwamba huna "horenso", usikimbilie sokoni. Neno hilo kwa Kijapani ni spinachi, na ni mchezo wa maneno unaojulikana maofisini kote: hokoku ni kutoa taarifa, renraku ni kupeleka habari, sodan ni kuomba ushauri. Anachotaka ni kusikia habari mbaya kutoka kwako kabla hajazisikia kwa mteja, tena zikiwa bado changa. Sisi huwa tunasubiri mpaka tupate ufumbuzi ndipo tuseme tatizo, ili tusimsumbue mkubwa. Kwake huko kunyamaza ni kuficha. Ujumbe wa mstari mmoja unatosha: "Hati ya shehena ya gari namba fulani haijafika. Nafuatilia. Nitakujulisha tena saa 15:00." Saa 15:00 ikifika huna jipya, andika hivyohivyo kwamba huna jipya.

Haya, Kumamoto. Nimecheka, hajjat anisamehe.

Dada wa watu hana kosa. Kumamoto ni mji na mkoa kwenye kisiwa cha Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani. Sehemu ya kwanza ya jina kwao ni dubu, na mkoa una kikaragosi chake cha dubu mweusi mwenye mashavu mekundu ambaye nchi nzima inamjua. Stika yake ikibaki kwenye kioo cha gari linalokuja Tanga, ibandue. Huwezi kumwacha dada akiulizia mtandao kila asubuhi. Mwandikie, usimwambie mdomoni mbele ya wenzake: "Silabi mbili za mwanzo za jina hilo kwa Kiswahili ni tusi zito la nguoni. Hukukosea, na hakuna aliyekukasirikia hapa. Kuanzia sasa tuseme Kyushu." Usimfafanulie zaidi isipokuwa akiuliza. Akijua atataka kumpigia hajjat amwombe radhi; mzuie, maana radhi hiyo itabidi itaje jina la mji.

Hajjat ni wako wewe. Asipopokea, mtumie ujumbe wa sauti uanze na shikamoo na kumjulia hali yeye na watu wa nyumbani, bila haraka. Mwambie msichana aliitaja kwa jina lake halisi sehemu lilikotoka gari, nawe ukashindwa kumtahadharisha mapema. Ambatisha picha ya ramani ya Kyushu jina likionekana. Akiliona kwa macho ataelewa, na kama nawajua watu wa Tanga, ramani hiyo itafika kwa mashoga zake kabla ya magharibi.

Kwenye matangazo ya Kiswahili andika "Kyushu" tu. Magari ya Kumagaya, mji wa mkoa wa Saitama, andika "Saitama". Na usije ukaanza kuwafundisha wenzako Kiswahili cha vichekesho; ofisi za ughaibuni zina Waswahili wa aina hiyo, na aibu yake huwa inamrudia mteja.

Kuna maneno mengine yatakayowatatiza bila kumtukana mtu. Kijana wa ofisini akikwambia "Maji?" kwa macho yaliyotoka, hana kiu, ni lugha ya vijana, anauliza "Kweli?" Ukisema kwenye simu "mteja atalipa kesho, kesho", jirani yako anasikia "kesho", vipodozi, na anajiuliza kampuni imeanza kuuza nini. "Mimi" kwao ni sikio, wala akisema "mimi" hajigusi kifuani: anayejitaja hujielekezea kidole puani. "Nani" kwao ni nini. Na ukitambulishwa kwa mtu anayeitwa Baba-san, mwite hivyohivyo, ni jina la ukoo.

Kwenye saa una bahati ambayo wengi hawajaigundua. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6 kamili, mwaka mzima, maana nchi hizi zote hazisogezi saa majira ya joto. Na saa za Kiswahili ziko nyuma ya uso wa saa kwa 6 vilevile. Matokeo yake, saa ya ukutani ya Yokohama inasoma saa ya Kiswahili ya Dar. Ikiwa Dar ni saa mbili asubuhi, mshale wako Yokohama uko kwenye 2, yaani 14:00. Ikiwa Mombasa ni saa tano asubuhi, kwako ni 17:00, mshale uko kwenye 5. Hujumlishi wala hutoi. Bujumbura na Lubumbashi ziko nyuma kwa saa moja zaidi, kwa hiyo kwao toa moja kwenye ule mshale; na mteja wa Lubumbashi muulize kwanza anahesabu Kiswahili au Kifaransa.

Hesabu hiyo ni yako kichwani. Kwa wenzako usitamke kamwe "saa mbili" kwa lugha yoyote. Waandikie tarehe na saa 24 za Japani: "tarehe 12, 14:00 Japani". Mteja naye muulize asubuhi au usiku, maana saa mbili usiku ya Dar mshale unaonyesha 2 vilevile, ila ni 02:00 na ofisi imelala. Ofisi ya 9:00 hadi 18:00, kwa Dar ni saa tisa usiku hadi saa sita mchana. Mteja anayezoea kupiga baada ya chakula cha mchana hatampata mtu, na ataamini mnamkwepa; mwambie mapema. Ikifika saa kumi na mbili jioni Dar, Japani imeshaingia siku ya pili, kwa hiyo "nalipa leo" ya jioni ieleze kwa tarehe.

Hukuniuliza, lakini wateja watakuuliza mambo mawili ya Kijapani ambayo si ya ofisini. La kwanza ni gari linaloongea. Likiwashwa sauti ya mwanamke inasema kitu kinachoishia na "sonyu sarete imasen". Anasema kadi haijaingizwa. Ni kifaa cha ETC, cha kulipia barabara za kulipia za Japani, na huku kwetu hakina kazi. Fundi wa umeme wa magari akitafute, kwa kawaida kipo chini ya dashibodi au kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, aichomoe plagi yake tu. Asikate waya ovyo.

La pili ni mwaka wa gari, na hapa fedha zinapotea. Kwenye karatasi za mnada na hati za Kijapani mwaka wa usajili wa kwanza mara nyingi huandikwa kwa enzi ya mfalme. Heisei, inayofupishwa H, jumlisha 1988: H27 ni 2015. Reiwa, inayofupishwa R, jumlisha 2018: R2 ni 2020. Mteja wa Mombasa akiona "30" hudhani ni umri wa gari au namba ya kitu, kumbe ni 2018, na Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Wa Dar naye ana ushuru wa uchakavu unaotegemea mwaka huohuo. Mwaka 2019 una majina mawili: hadi 30 Aprili ni H31, kuanzia 1 Mei ni R1. Ukiambiwa H31 na R1 ni magari ya miaka tofauti, sivyo. Kwenye kila profoma andika mwaka wa kawaida na mwezi, na ile ya enzi iweke pembeni yake kama ilivyo kwenye hati, ili mteja na wakala wake wa bandarini wazilinganishe wenyewe.